Mikeka ya Jumanne

Kanisa limeniaga kwa blanketi. Ni blanketi zito, jekundu, la kumfunika mtu wa baridi ya Limuru, nami nimelipokea kwa mikono miwili hapa Ukunda, ambapo hata shuka huwa mzigo. Mke wangu amelikunja na kuliweka juu ya kabati, na mimi nimeketi chini yake nikiwaandikia ninyi mnaoichukua kazi ya jioni za jamaa baada yangu. Mliniomba niwaandikie namna ya kuifanya. Namna ya kuifanya si nyingi na mtaijua wenyewe. Nitawaandikia niliyoyaona. Habari za mshahara na vyeo nitaziacha, kwa kuwa mshahara ulikuwa mfupi na vyeo havikuwapo.

Kabla ya kanisa nilikuwa mtu wa hoteli. Kwa miaka mingi nilipanga kumbi za karamu katika hoteli moja ya Diani, harusi za wageni, mikutano ya watu wa benki, chakula cha jioni cha watu ambao hawakupendana lakini walilipiwa waketi pamoja. Najua kukunja kitambaa kiwe ua na kiwe ndege. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi nami nikapunguzwa, na mchungaji wetu akaniita ofisini kwake, chumba kidogo chenye feni isiyozunguka.

"Watu wangu hawaonani," aliniambia. "Baba yuko zamu ya usiku, mama yuko zamu ya asubuhi, watoto wako kwa jirani. Jumapili wanaimba pamoja hapa, lakini nyumbani hawaketi pamoja. Nataka jioni moja kila mwezi, jamaa nzima ije, iombe, ile, izungumze. Kazi yako ilikuwa kuwakalisha watu. Basi niwakalishie hawa."

Jioni ya kwanza niliipanga kama nilivyofundishwa. Niliazima meza, nikazitandika vitambaa vyeupe, nikapanga viti kwa mistari, nikaweka maua katikati. Nilichagua Ijumaa. Mtu aliyefanya kazi hotelini miaka yote ile alichagua Ijumaa, siku ambayo hoteli hujaa na mfanyakazi harudi kwake. Walikuja wachache, wengi wao akina mama na watoto, na watoto waliambiwa jioni nzima wasiguse kitambaa. Watu walikula wima wima, wakanishukuru kwa adabu, wakaenda zao kabla sijatoa chai.

Ndipo aliponijia Mwalimu Umazi. Huyu mama alikuwa mwalimu mkuu huko Kinango na sasa alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Alikuwa amestaafu ualimu mkuu, ila ualimu mkuu ulikuwa haujamstaafu yeye. Alizunguka meza zangu zote kwa utaratibu, mikono nyuma.

"Bwana Mratibu," alisema, "tunamngoja gavana?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi viti ni vya nini? Mtu akikaa kwenye kiti anakaa na haki zake. Mlete chini."

Alinikalisha kwenye kibaraza cha kanisa, akanipanga upya kama darasa la kwanza. Siku ikawa Jumanne ya mwisho ya mwezi, maana Jumanne hoteli hupumua. Saa ikawa baada ya swala ya magharibi, kwa sababu jamaa zetu nyingi zina shemeji, mawifi na wakwe Waislamu, na mtu huwezi kumwalika mkweo halafu ukamlazimisha kuchagua kati yako na sala yake. Viti vikatoka. Kila jamaa ikaja na mkeka wake kutoka nyumbani, na jamaa nzima ikaketi juu ya mkeka huo, wazee na wachanga. Kila jamaa ikaja na sufuria yake ya chakula, lakini hakuna aliyekula sufuria yake: baada ya sala kila sufuria ilipelekwa kwa jamaa ya mkeka wa upande wa kulia. Na sufuria ililala kwa walioila, ikarudishwa mwezi uliofuata, na kama mjuavyo desturi ya huku, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kwa hiyo kila mwezi ulikuwa na sababu ya kurudi, hata kama hukupenda mahubiri.

Nyama ilikuwa swali, na jibu lake lilikaa ng'ambo ya ua wetu. Mzee Salimu ni jirani wa kanisa, Mdigo, mkulima wa minazi na mbaazi. Kuku na mbuzi wote wa jioni zetu alichinja yeye, ili wageni wetu Waislamu wale bila wasiwasi. Alikuja na kisu chake mwenyewe, akamgeuza mnyama kibla, akasoma yake, akanawa, akaondoka. Siku moja nilimwuliza kama haoni ajabu kulichinjia kanisa.

"Namchinjia jirani," alisema. "Kanisa sijapata kuliona likila."

Hapa niseme kidogo juu ya vifaa, maana mtavirithi. Birika la kunawia na beseni lake ni vya shaba, vilitolewa na mama mmoja wa Msambweni. Msivisugue kwa mchanga, sugueni kwa ndimu na jivu. Sinia kubwa ni za bati, zina mikunjo, msizidharau, wali hauchagui. Taa za sola ziwekwe juani asubuhi, wala si saa tisa mnapokumbuka. Mikeka ya miyaa ya kanisa, ile ya akiba kwa wasio na wao, isikunjwe ikiwa na unyevu, itaota ukungu na kunuka kama gunia la karanga. Ikaanikwe, ikakung'utwe, ndipo ikunjwe. Na mkeka usiukanyage kwa viatu hata kama una haraka, kwa sababu Mwalimu Umazi atakuona, na ikiwa hayupo atasikia.

Jumanne ya kwanza ya mikeka nilisimama mlangoni na birika mkononi, tayari kuwanawisha watu, na nikasahau kumwaga maji. Kulikuwa na mpishi niliyefanya naye kazi, mtu mkali aliyewahi kunirushia mwiko kwa ajili ya mchuzi uliopoa. Alikuwa amelala kiubavu kwenye mkeka na sare yake ya jikoni, na bintiye mdogo alikuwa akimlisha matonge, moja baada ya jingine, akimwambia atafune. Naye akatafuna. Pembeni yake mzee mmoja alikuwa akimsikiliza mjukuu akieleza habari ndefu ya mbuzi aliyepotea na kupatikana, na hakumkatiza. Niliona haya kutazama, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi. Nimetandika karamu za watu wenye mali, zenye piano na barafu iliyochongwa, na sikupata kuona kitu kikubwa kama kile. Nilipata woga wa kazi yangu jioni ile, na woga huo haujanitoka.

Sasa niwape habari ya Bibi Mbodze. Kila mwenye kazi hii atapata mzigo wake mmoja, na wangu ulikuwa huu.

Bibi Mbodze alikuwa mjane wa Kiduruma, mwembamba, aliyefifia macho hata akawa anaona mwanga na vivuli tu. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Tsuma, alikuwa seremala mwenye karakana yake hapa Ukunda. Mdogo, Rai, alikuwa mtunza bustani wa hoteli, na mama yao aliishi kwake, upande wa Msambweni. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa letu. Tsuma aliketi mbele kulia, Rai nyuma kushoto, na baraka ya mwisho ikishatamkwa kila mmoja alitoka kwa mlango wake.

Kisa chao kilijulikana. Baba yao alipofariki, Tsuma alikuwa Malindi kwa kazi ya milango. Alipigiwa simu, akafunga safari, akakwama kwenye foleni ya kivuko pale Likoni. Upande wa huku wazee wa ukoo walimsukuma Rai: jua linashuka, marehemu hangojeshwi, fukieni. Rai alikuwa kijana na wazee walikuwa wengi, akakubali. Tsuma alifika akakuta mchanga umeshashindiliwa na watu wananawa mikono. Hakupiga kelele. Alisimama na mkoba wake wa vifaa begani, akamwambia ndugu yake, "Hukuningoja," akageuka. Tangu siku hiyo hakula kitu cha nyumba ya Rai, hata maji ya kunywa. Nanyi mnajua kwetu huku kukataa chakula cha ndugu si jambo la tumbo. Ni kusema mbele za watu kwamba mkono wake huuamini.

Bibi alikuja ofisini kwangu akishikwa mkono na mke wa Rai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatafuta kiti kwa kupapasa, akaketi.

"Nimesikia wewe ndiye unayetandika," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nina wana wawili, nami ni mtu wa kufa. Wasipokula pamoja nikiwa hai, hawatanizika pamoja nikifa. Wazee watamwambia Rai jua linashuka, naye atanifunika, na Tsuma atafika akute mchanga mara ya pili. Hapo hawatakuwa ndugu tena, na mimi sitakuwapo kuwasemesha. Mwanangu, watandikie pamoja."

Nilimjibu kwamba tutaona, kwa sauti ile ya hoteli tunayomjibia mgeni chumba kikiwa hakipo. Lakini nilikosa usingizi kwa ajili ya yule mama, na mke wangu ni shahidi.

Nikajaribu. Mwezi uliofuata niliipanga mikeka yao jirani, ili sufuria ya Rai iende kwa Tsuma kwa mkondo wa kawaida. Tsuma alifika, akatazama, akaukunja mkeka wake bila hasira yoyote, akautandika upande wa pili wa ukumbi. Mwezi uliofuata alianza kuja na bakuli lake mwenyewe lenye mfuniko, akatangaza ana vidonda vya tumbo, daktari amemkataza chakula cha watu. Kanuni ya Mwalimu Umazi haikuwa na nguvu juu ya daktari. Mara watu wengine nao wakapatwa na vidonda vya tumbo, hasa walioketi kulia kwa mama mmoja nisiyeweza kumtaja kwa kuwa bado anapika.

Mchungaji alimwendea Tsuma nyumbani, akakaribishwa vizuri, akarudi na kigoda cha zawadi na bila jibu. Mimi nikamwendea karakanani. Alinisikiliza huku akipiga randa ubao wa kitanda, maranda yakianguka miguuni mwake.

"Mratibu," alisema nilipomaliza, "mimi simchukii Rai. Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Lakini nikiiona sufuria ya nyumba ile, naona mchanga."

Nilimwagiza rafu ya vitabu ambayo sikuihitaji, nikarudi kanisani.

Ikaja Jumanne moja ya mvua za vuli. Paa la ukumbi wetu wa jioni lilivuja, tukahamia ndani ya kanisa, mabenchi tukayasukuma ukutani, mikeka ikajaza sakafu mpaka chini ya mimbari. Tuliomba, tukaimba, na wakati wa kupokezana ukafika. Kila sufuria ikaenda mkeka wa kulia. Ya nyumba ya Rai haikwenda. Bibi Mbodze alikuwa ameipakata, imefungwa kwa leso, na mkwewe alipotaka kuichukua alimwondoa mkono.

Kisha Bibi akasimama nayo, akaanza kutembea.

Mke wa Rai alinyanyuka amshike. Mwalimu Umazi akamwinulia kidole kimoja, naye akaketi tena. Sakafu ilikuwa imejaa miguu, sahani, watoto waliolala. Mama asiyeona alikuwa akipita katikati yake na sufuria ya moto, akipapasa sakafu kwa unyayo. Watu wakaanza kuondoa vitu mbele yake. Huyu akakunja miguu, yule akavuta mtoto, mwingine akainua sinia kifuani. Hakuna aliyetoa amri. Njia ilifunguka mbele yake mkeka kwa mkeka, na nyuma yake ikabaki wazi. Alipofika katikati alisimama akaita, "Tsuma," kama anayemwita mtoto akaoge.

Tsuma akakohoa, na mama yake akakifuata kikohozi mpaka mkekani pake.

Aliketi, akaifungua leso, akafunua. Harufu ilinifikia mlangoni. Ulikuwa mchunga, ile mboga chungu ya porini. Kuupika ni kazi: huchemshwa, maji yakamwagwa, ukachemshwa tena, ukatiwa tui, na ukikosea hatua moja unakula dawa.

"Mama, nina vidonda vya tumbo," Tsuma alisema.

"Tumbo lako nililijua kabla hujalijua wewe. Kula."

"Umepikwa kwa Rai."

"Nimeupika mimi. Jiko la Rai, kuni za Rai, mikono yangu. Nimeungua hapa, na hapa." Akamwonyesha vidole. "Kula, mwanangu, usinichoshe."

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu wote muda wote ule. Mama aliishi kwa Rai na alipika kwa Rai. Tsuma alipoikataa sufuria ya ndugu yake alikuwa ameikataa na ya mama yake, na hakuwa ameonja mkono wake tangu baba yao azikwe.

Akamega tonge la ugali, akachovya, akatia kinywani. Alitafuna muda mrefu kuliko mboga laini inavyodai. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta wala hakuacha kula. Alikula huku akilia, na mama yake aliketi kando yake amekunja mikono mapajani, akisikiliza tu. Upande wa pili wa kanisa Rai alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemwita. Jioni ilipokwisha alirudi kwa njia ile ile, mikono mitupu. Sufuria ililala kwa Tsuma, kama ilivyo desturi, na kwa desturi hiyo hiyo ilimpasa airudishe na kitu ndani. Yule mama alijua alichokuwa akikifanya.

Mwezi uliofuata Tsuma hakuja. Nyumba ya Rai ilipikia sufuria ya kuazima. Bibi aliketi ameelekea mlangoni jioni nzima, na kila viatu vilipovuliwa barazani aligeuza sikio. Mwalimu Umazi, ambaye sala zake zimewahi kupoza vyakula vyote ukumbini, siku ile aliomba kwa maneno machache akaketi.

Mwezi uliofuata huo tulikuwa tumeshaimba wimbo wa kwanza alipotokea mlangoni, mke na watoto nyuma yake, mkeka kwapani, sufuria ya Bibi mkononi. Alivuka ukumbi akasimama mbele ya mkeka wa Rai.

"Nimerudisha sufuria ya Mama," alisema.

Mke wa Rai aliipokea kwa mikono miwili, na uzito wake ukaonekana. Ilikuwa na wali wa nazi na kuku. Tsuma akautandika mkeka wake ubavuni mwa ule wa mdogo wake, ukingo kwa ukingo, akaketi. Rai hakujua aweke wapi mikono yake. Alisimama, akaja mpaka nilipokuwa, akavichukua birika na beseni mikononi mwangu bila kuniomba. Akarudi, akapiga magoti, akamnawisha kaka yake.

Kumnawisha mkubwa ni kazi ya mdogo katika kila nyumba ya pwani hii. Watoto huifanya kila siku bila kufikiri, nami nimeifanya kwa maelfu ya wageni. Lakini sijaona maji yakimwagwa polepole namna ile.

"Walinisukuma, kaka," Rai alisema, macho kwenye beseni.

"Najua," Tsuma alisema. "Mwaga maji."

Wali ukapakuliwa kwenye sinia. Nilikuwa nimesogea karibu kuchukua birika langu, na Bibi akanishika kanzu.

"Wanakula?"

"Wanakula, Bibi."

"Sinia moja?"

"Moja."

Nadhani aliona ni maneno ya hoteli. Alinyoosha mkono wake juu ya sinia, akapapasa, akaupata mkono mmoja wenye kovu la patasi, akapapasa tena, akaupata wa pili wenye sugu za jembe. Akaishika yote miwili pamoja, ikiwa na wali, kitambo. Kisha akaiachia. "Haya," alisema, "niwekeeni na mimi." Mimi nilitoka nje kwenda kutazama taa za sola, ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Bibi Mbodze alikula nao Jumanne nyingi baada ya hapo. Alipofariki, alifariki usingizini, na mazishi yakapangwa Jumamosi kwenye shamba la Msambweni, kando ya mumewe. Nanyi mtasema nimetunga, lakini Tsuma alikuwa Malindi. Kazi ya milango haiulizi mtu mama yake anaendeleaje. Alipigiwa simu, akafunga safari, na alasiri ya Jumamosi akapiga simu kwamba yuko Likoni, amekwama kwenye foleni ya kivuko.

Ibada ilikwisha. Kaburi lilikuwa wazi, jeneza kando yake. Wazee wa ukoo, waliobaki wa wale wale, wakamwendea Rai. Niliwasikia kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na koleo.

"Rai, jua linashuka."

"Nimeliona."

"Marehemu hangojeshwi, mwanangu."

"Mama atangoja," Rai alisema. "Aliniambia." Akaketi kwenye ukingo wa kaburi, miguu yake kwenye udongo uliochimbuliwa, na ikawa dhahiri kwamba atakayetaka kulifukia atalifukia pamoja naye.

Mchungaji alinitazama. Katika kazi yangu yote nilikuwa na jibu la wapi kila mtu aketi, na pale sikuwa nalo. Watu walisimama, jua mgongoni, wengine wakianza kutazama simu zao na barabara. Ndipo Mwalimu Umazi alipouchukua mkeka aliokuja nao matangani, akaukung'uta, akautandika kwenye nyasi, akaketi. Jamaa yake ikaketi pamoja naye. Yule mpishi mkali akautandika wa kwake kulia. Mikeka ikaendelea kutandikwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikatambua ni mpango wetu wa Jumanne, kila jamaa mahali pake, kuzunguka kaburi lililo wazi. Kati ya mkeka wa Rai na ule uliofuata wakaacha nafasi ya mkeka mmoja. Hakuna niliyemwelekeza.

Watu wakaimba. Muhogo wa kuchemsha ukapita, na maji. Adhana ya magharibi iliposikika Mzee Salimu aliondoka, akaenda akasali, na nikadhani amekwenda nyumbani. Baada ya muda alirudi na tochi, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka wangu. "Hajafika?" aliniuliza. Nikamwambia bado. Akazima tochi asimalize betri.

Tsuma aliletwa na bodaboda, giza likianza. Aliteremka na mkoba wake wa vifaa begani. Alikuja mbio, na alipoipita pembe ya nyumba akasimama ghafla. Alituona sote chini kwenye mikeka, akaliona kaburi, akaliona lingali wazi. Rai aliinuka pale ukingoni, akajipangusa udongo, akachukua koleo, akampelekea kwa mikono miwili.

"Tulikuwa tunakungoja wewe, kaka," alisema.

Tsuma akaliweka chini begi lake. Wakamteremsha mama yao wao wawili wakiwa kichwani, wengine miguuni, na wakaanza kumfukia pamoja, mmoja akitupa, mwingine akitupa, na sisi wengine tukawaacha mpaka walipochoka ndipo tukawasaidia. Nilikuwa na miaka bado kabla ya kustaafu, lakini moyoni kazi yangu ilifika pale. Chochote nilichofanya baadaye ilikuwa ni kukung'uta mikeka.

Hayo ndiyo niliyotaka mjue. Msiulize mlifanye vipi, kwa sababu mimi sikulifanya. Nilitandika, na wakaja watu wakakaa, na kikatokea kitu kikubwa kuliko mimi ambacho hata sasa nikikikumbuka naacha kalamu kwanza. Ninyi tandikeni. Na taa ziende juani asubuhi.

Jumanne iliyofuata mazishi jamaa zote mbili zilikuja. Mke wa Rai alikuwa ameibeba sufuria ya Bibi, na ndani yake alikuwa amejaribu mchunga, peke yake, kwa mara ya kwanza. Tsuma alinawishwa, akamega tonge, akachovya, akatafuna. Mkeka mzima ulikuwa ukimtazama mdomo, na mikeka ya jirani pia.

"Haujafika wa Mama," alisema.

Mke wa Rai akainamisha macho. Tsuma akamega tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Ulete tena mwezi ujao."